Sauti Iliyomrudisha Mgeni: Kumuaga Madam Enayat wa Dawati la Wageni

Jumapili ya tarehe 31 Machi, Madam Enayat Wahba Shukri atavua beji yake, ataikabidhi kwa ofisi ya utumishi na kutoka kwa mlango wa mbele, maana mlango wa wafanyakazi ameukataa kwa siku hiyo. Ameitumikia Hoteli ya Shams el-Asil kwa miaka thelathini na saba. Aliajiriwa akiwa msichana wa swichibodi, na anastaafu akiwa Mkuu wa Dawati la Wageni. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi kwa sababu nimekaa naye kwenye ukumbi mmoja wa mapokezi kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na mke wangu, kama mke wangu anavyopenda kunikumbusha.

Alizaliwa Shubra, hapa hapa Kairo, binti wa fundi cherehani. Alisomeshwa na masista wa Kiitaliano, ambao walimfunza lugha yao na tabia ya kunyoosha mgongo anapokasirika. Alipoletwa hotelini, wasichana wa swichibodi walikuwa wanne, kila mmoja na nyaya zake. Kazi yao ilikuwa kuunganisha sauti na sauti na kujifanya hawasikii. Wenzake watatu waliolewa wakaacha kazi. Yeye aliolewa na mwalimu Fikri, akazaa watoto wawili, akarudi kwenye kiti chake.

Wageni wetu wengi wanamkumbuka kwa jambo moja: aliwafundisha kuvuka barabara. Mtu anatoka nchi ambako magari husimama taa ikiwaka nyekundu, anaamini kwamba kila nchi iko hivyo, halafu anashuka ngazi zetu na kukutana na mtaa wa Talaat Harb. Kulikuwa na mhandisi mmoja Mjerumani, Bwana Dietmar, aliyesimama pale ukingoni asubuhi nzima. Mwishowe alirudi ndani, akaketi, akasema kwa huzuni kwamba ameamua kuutazama upande huu tu wa Kairo. Madam Enayat alimshika mkono kama anayempeleka mtoto shule.

"Usikimbie," alimwambia. "Usirudi nyuma. Na usimtazame dereva kama unayemwomba msamaha. Tembea mwendo mmoja, yeye atajua pa kukukwepa."

"Na asipojua?"

"Basi nitakuwa nimekufa mimi kwanza, maana mimi ndiye niliye upande wa magari."

Walivuka. Bwana Dietmar alifurahi mno hata akataka kurudi na kuvuka tena. Akavuka tena, peke yake, huku wauza magazeti wakimpigia makofi.

Lakini wasifu huu hautakuwa wa kweli nikiishia kwenye vichekesho. Kuna alasiri moja ambayo wafanyakazi wapya huisikia kwa vipande vipande jikoni, kila mpishi akiongeza chumvi yake. Mimi nilikuwapo. Madam mwenyewe haipendi habari hii, na ameniomba niiache. Nimekataa, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kwa kuwa Jumapili hatakuwa na mamlaka tena ya kunifokea.

Ulikuwa mwaka 2003, majira ya khamsini, ule upepo wa vumbi utokao jangwani. Tangu asubuhi mbingu ilikuwa rangi ya ngozi ya ngamia, na vumbi lilipenya hata ndani ya vikombe vilivyofunikwa. Wageni walikuwa wachache kwa sababu ya vita kule Iraki. Meneja wetu wa wakati ule, Ustadhi Medhat, alikuwa akihesabu vyumba vilivyo wazi kama mtu anayehesabu meno yanayomtoka.

Miongoni mwa wachache waliobaki alikuwa Bibi Ornella, mwalimu wa muziki kutoka Bologna, mjane wa umri wa miaka kama hamsini na ushei, mwenye kofia ya majani na kicheko kikubwa. Alikwenda Giza peke yake kutazama mapiramidi. Alikataa gari la hoteli, akasema anataka kuusikia mji kwa masikio yake mwenyewe.

Alasiri simu iliingia swichibodi. Mimi nilikuwa pale kwa ajili ya jambo jingine, nimeegemea mlango. Nilimwona Madam Enayat akitabasamu, akisema Kiitaliano kwa furaha, kisha tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaliacha. Aliandika maneno mawili kwenye kipande cha gazeti akanisukumia. Yalisomeka: Karim mpishi?

Nikatikisa kichwa. Hatukuwa na mpishi wa jina hilo. Hatukuwa hata na muosha vyombo wa jina hilo.

Baadaye tulielewa yote. Bibi Ornella alipokuwa akitafuta teksi ya kurudi, alijiwa na kijana aliyevaa shati safi. "Hunikumbuki, bibi?" kijana alimwambia kwa Kiingereza. "Mimi Karim, mpishi wa hoteli yako, Shams el-Asil. Asubuhi nimekupikia mayai. Leo ni zamu yangu ya kupumzika, na dada yangu anaolewa. Njoo ule pilau ya harusi, kisha nikurudishe mwenyewe." Mtu anayekujua katika mji wa mamilioni ya watu usiowajua! Alishukuru Mungu, akapanda gari ambalo dereva wake alikuwa akingoja. Hakujua kwamba ufunguo wa chumba chake ulining'inia nje ya mkoba, na kibati chake cha shaba kilibeba jina la hoteli yetu kwa herufi kubwa, na namba ya simu chini yake. Namba hiyo hiyo ndiyo aliyoipiga sasa, akiwa kwenye kiti cha nyuma, kutuarifu kwa adabu kwamba hatakula nasi chakula cha jioni.

Kwa nini tuliogopa kiasi kile? Kwa sababu wiki mbili nyuma yake mgeni wa hoteli nyingine, mwanamume mwenye nguvu zake, alikutwa kando ya barabara ya machimbo ya mawe upande wa Helwan. Hakuwa na viatu, mbavu zake zimevunjika, na hakukumbuka jina lake. Naye, wenzake walisema, alikuwa ameondoka na "mpishi wa hoteli yake".

Madam Enayat hakumwambia Bibi Ornella lolote kati ya hayo. Baadaye nilimuuliza kwa nini, naye akanijibu kwamba hofu haifichiki usoni, na yule mama alikuwa ndani ya gari linalokwenda kasi, na wale wanaume wangeisoma hofu yake kwenye kioo cha dereva kabla hajamaliza kuisikia. Basi alimuuliza kama anayeuliza habari za hali ya hewa:

"Unaona nini dirishani, mpenzi wangu?"

"Vumbi tu! Tumevuka mto, mpana sana. Sasa naona nyumba nyingi za matofali mekundu, hazina lipu. Kisha vumbi tena. Ni kama opera!"

Madam alichora ramani hewani kwa kidole ili niione. Barabara ya Mzunguko. Wameshavuka Nile kwa kusini. Mbele yao kulikuwa na barabara kuu ya Autostrad. Wakipinda kushoto watarudi mjini kupitia Ngome ya kale. Wakipinda kulia watakwenda Helwan, kwenye machimbo.

Nikachukua simu ya pili kuwapigia askari wa utalii. Hapo hapo Ustadhi Medhat akaingia, na nilipomnong'oneza akaweka kiganja chake juu ya kitufe cha simu, laini ikakatika.

"Mounir, una wazimu?" alininong'oneza, jasho likimtiririka. "Ukiita askari leo, kesho tuko magazetini. Kesho kutwa hakuna mgeni hata mmoja. Una watoto wewe, au huna? Huenda ni harusi kweli!"

Sikumchukia wakati ule, wala simchukii leo. Alikuwa na familia sabini za wafanyakazi shingoni mwake. Lakini mkono wake haukuondoka.

Madam Enayat alikuwa akicheka na Bibi Ornella kwenye simu. Bila kuacha kucheka aliinuka, akavuta waya wa simu hadi ulipofika, akanyoosha mkono wake wa kushoto na kuuondoa mkono wa meneja juu ya kitufe kile, kidole kimoja baada ya kingine, polepole, kama anayetoa mwiba. Ustadhi Medhat alimwachia. Nadhani alishtuka tu, kwani hakuna mtu aliyewahi kumgusa. Nikapiga simu.

Kisha Madam akasema kwa Kiitaliano, kwa sauti tamu: "Hebu nipe huyo Karim wetu, nimsalimie."

Simu ikapokewa upande wa pili, na mazungumzo yakawa ya Kiarabu. Nilisogea karibu, nikasikia kila kitu, maana sauti ya yule kijana ilikuwa ya kupayuka.

"Alo? Nani mwenzangu?"

"Nani mwenzako! Madam Enayat, wa hotelini. Umenisahau mara hii, Karim mwanangu? Juzi tu umetutilia chumvi kwenye dengu mpaka watu wakakohoa."

Niliusikia upepo ukipiga kioo cha gari. Kisha kijana akacheka kidogo, kama anayepima kina cha maji kwa mguu.

"Aa, Madam. Samahani, barabara ina kelele."

"Sikiliza, umetuokoa leo, Mungu akupe maisha marefu. Huyo bibi tunamtafuta tangu mchana. Shemeji yake ni mtu wa ubalozi, yuko hapa ukumbini anatembea huku na huku kama simba. Amekuja na ofisa wa polisi. Walitaka kufunga barabara zote. Nikawaambia, tulieni jamani, mnywe kahawa, bibi yuko na Karim wetu, mtoto wa kazi, anamleta sasa hivi."

Ukumbini hapakuwa na shemeji wala ofisa. Palikuwa na paka wa hoteli, amelala juu ya kochi.

"Lakini tunakwenda harusini, Madam," kijana alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada yangu. Bibi amekubali mwenyewe."

"Harusi ni jambo la heri, hongera sana. Mlete kwanza, apate kupiga picha na shemeji yake, kisha nitakupeni gari la hoteli mwende wote kwa vigelegele. Chef amekwisha sema ukimfikisha salama hatakuuliza kwa nini umetoka na mgeni bila ruhusa. Mimi nimekusimamia. Usinitie aibu, mwanangu."

"Na ofisa anasema nini?"

"Ofisa? Anasema wewe ni mtu mwema. Mpaka sasa hivi ndivyo anavyosema."

Sauti yake haikutikisika hata mara moja.

"Mwambie dereva apunguze mwendo, vumbi hili linaua," aliendelea. "Mkifika Autostrad pindeni kushoto, mpite njia ya Ngome. Huko foleni ni nafuu."

Kisha kijana akauliza taratibu, bila kupayuka tena:

"Madam, umejuaje tuko wapi?"

"Mwanangu, mimi ni mtu wa simu. Kazi yangu ni kujua watu wako wapi."

Laini ikakatika.

Madam Enayat akaipiga namba ya simu ya mkononi ya Bibi Ornella, iliyoandikwa kwenye fomu yake ya mgeni. Ililia, haikupokelewa. Akapiga tena. Ikalia. Mimi upande wangu nilikuwa na Nahodha Ihab wa askari wa utalii, ambaye alisema magari yake yametoka, lakini madereva wake hawaoni hata boneti za magari yao. Ustadhi Medhat alikuwa ameketi sakafuni. Sijui aliketi saa ngapi. Alikuwa akisoma dua kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Madam akapiga tena. Na tena. Simu ikapokewa, na kilichosikika kwanza kilikuwa upepo, halafu mlio wa lori, halafu kilio.

"Wamenishusha! Hawakusema kitu, wamesimamisha gari, yule Karim amenifungulia mlango, amenitupia kofia yangu. Mkoba wamebaki nao. Simu alikuwa amenirudishia, nikaitia kifuani. Madam, sioni chochote! Malori yananipita hapa hapa!"

"Umeumia?"

"Hapana. Sijui. Hapana."

"Basi nisikilize. Toka barabarani. Kanyaga mchanga, acha lami. Kuna nini pembeni?"

"Ukuta. Mrefu. Kuna uwazi kama mlango. Ndani kuna... ni nyumba ndogo ndogo, nyingi, hakuna watu."

"Ingia. Hayo ni makaburi ya Basatin, usiogope, waliomo hawana shida na mtu. Kaa nyuma ya ukuta, usionekane kutoka barabarani. Mimi nakuja mwenyewe."

"Nikiona gari nisimamishe?"

Nimelifikiria jibu la Madam mara nyingi. Alikuwa anafikiria kile ambacho sisi wengine hatukukifikiria, kwamba wale wanaume wangeweza kwenda mbele kidogo, wasione kizuizi chochote wala askari yeyote, wakajua wamedanganywa.

"Usisimamishe gari lolote," alisema. "Hata likiwa na askari. Hata mtu akikuita kwa jina, kwa kuwa jina lako wanalijua. Niambie neno moja ambalo hakuna mtu katika Misri yote analijua."

"Neno gani?"

"Lolote. La nyumbani kwako."

"Pallino," Bibi Ornella alisema akilia. "Mbwa wangu. Anaitwa Pallino."

"Vizuri. Atakayekuja na jina la Pallino ndiye mtu wangu. Asiye nalo, wewe ni jiwe, huna sikio. Sasa zima simu usije ukaitwa ukasikika."

Mlangoni kwetu palikuwa na Ami Sabri na teksi yake nyeusi na nyeupe, gari kongwe ambalo lilikwenda kwa sababu lilimwogopa mwenyewe. Tuliingia watatu. Ami Sabri aliendesha kichwa chake kikiwa nje ya dirisha, shali imefunga pua, akiwatukana madereva wengine asiowaona kwa tahadhari tu, ikiwa wapo. Madam Enayat aliketi mbele. Hakusema neno isipokuwa pale tulipopita chini ya Ngome, alipouliza:

"Sabri, haliwezi kwenda zaidi ya hapa?"

"Likienda zaidi ya hapa, Madam, tutafika makaburini kwa namna nyingine."

Tulipofika Basatin, ukuta ulionekana na kupotea, ukaonekana na kupotea. Ami Sabri alipunguza mwendo. Na mbele yetu, kwenye vumbi, tuliona taa nyekundu za gari jeupe lililosimama kando, milango miwili iko wazi. Mtu alikuwa akitembea kando ya ukuta, ameweka viganja mdomoni, akiita kwa Kiingereza, kwa upole kabisa:

"Bibi Ornella! Mimi Karim! Umesahau mkoba wako, bibi! Njoo, nimekuletea mkoba wako!"

Nimeishi miaka sitini katika mji huu, na sijasikia tena kitu kilichonisimamisha nywele kama upole ule.

Ami Sabri hakuuliza mtu. Alikandamiza honi kwa kiwiko na hakuiachia, akawasha taa zote, akalielekeza gari lake moja kwa moja kwenye lile jeupe kama mtu aliyechoka na maisha. Yule kijana alitugeukia. Nilimwona uso kwa muda mfupi, kijana wa kawaida, shati safi. Kisha akakimbia, milango ikafungwa, gari jeupe likaruka kwenye lami na vumbi likalimeza. Madam alisoma namba zake kwa sauti, mara mbili, nami nikazikariri.

Tuliingia kwenye uwazi wa ukuta. Vijumba vya makaburi vilisimama safu kwa safu, na hapakuwa na mtu.

"Ballino!" Ami Sabri akaita kwa sauti ya muuza matikiti. "Ballinooo!"

Upepo tu.

"Ballino! Toka, mama, ni sisi!"

Hakuna. Tulikwenda kaburi hadi kaburi. Nilianza kufikiri kwamba gari lile halikuwa tupu nyuma. Ami Sabri aliita mpaka sauti ikampasuka. Ndipo Madam Enayat akamshika bega ghafla.

"Sabri, nyamaza. Unasemaje?"

"Nasema hilo hilo, Ballino!"

"Ewe Mola! Neno si hilo!" Ami Sabri, kama wengi wetu tuliokulia na Kiarabu peke yake, hana herufi ya P mdomoni mwake. Na mwanamke aliyeambiwa awe jiwe alikuwa amekaa kama jiwe, akimsikia mwanamume asiyemjua akiita neno linalofanana na neno lake lakini silo.

Madam alivua shali yake usoni. Aliweka mikono kiunoni, akanyoosha mgongo kama masista walivyomfundisha, akaita kwa Kiitaliano safi cha darasani:

"Pallino! Pallino yuko hapa, mpenzi! Ni Enayat!"

Kutoka nyuma ya kijumba ambacho mimi na Ami Sabri tulikuwa tumekipita mara mbili, ilitokea kwanza kofia ya majani. Bibi Ornella alikuwa mweupe kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni. Hakukimbia. Alitembea polepole, akamfikia Madam, akamwekea kichwa begani, nao wakaketi chini pale pale juu ya ngazi ya kaburi la watu. Ami Sabri aligeuka upande, akajifanya vumbi limemwingia macho yote mawili.

Hotelini, Madam Enayat alipewa chai. Hakuweza kuinywa. Ustadhi Medhat alikuja akasimama mbele yake, akainamisha kichwa. Kesho yake magazeti yaliandika, kama alivyoogopa. Wageni wetu hawakupungua. Wiki iliyofuata waliongezeka, wengine wakiuliza mapokezini yuko wapi yule mwanamke wa simu.

Wale wanaume walikamatwa kabla ya mwezi kwisha, kwa namba zile za gari. Madam aliitwa kituoni kuitambua sauti. Walisimamishwa vijana kadhaa, kila mmoja akaambiwa aseme "alo". Ilipofika zamu ya yule wa tano, hakungoja hata kuambiwa.

"Hujambo, Madam Enayat?" alisema akitabasamu. "Na chef hajambo?"

"Chef hajambo," Madam akamjibu. "Bado anakungoja."

Kisha akamgeukia Nahodha Ihab, akasema ni huyu, akachukua mkoba wake, akatoka.

Ustadhi Medhat, Mungu amrehemu, ndiye aliyemtoa swichibodi na kumfungulia Dawati la Wageni, karibu na mlango mkuu. Funguo zote zikabaki mapokezini tangu siku ile, na vibati vyenye jina la hoteli vikayeyushwa. Madam alisimamia kuyeyushwa kwake. Kila mgeni anayefika huombwa neno lake moja la nyumbani, ambalo hulijua yeye na dawati peke yake, na asimpokee mtu yeyote anayesema ametumwa na hoteli bila neno hilo. Wanawake wanaosafiri peke yao huelezwa lilipo behewa la wanawake katika metro, na namna ya kusema "niache" kwa sauti ambayo behewa zima litageuka. Hoteli nyingine za katikati ya mji zimeiga. Hakudai sifa. Alidai tu wafanye sawasawa.

Si kila siku alishinda. Yuko mgeni aliyeibiwa pasipoti mbele ya macho yake, na kijana wa Kiskoti aliyegongwa na pikipiki akikimbia licha ya mafunzo yote. Alimtembelea hospitalini kila jioni na sufuria ya supu mpaka alipoondoka na magongo. Aliwafokea wengi wetu. Mimi alinifokea hadharani, mara nyingi, na karibu zote nilistahili.

Ugumu wa kuandika wasifu wa mtu wa kazi hii ni kwamba kazi yake ikifanikiwa haionekani. Maelfu ya watu wamepita kwenye dawati lile, wakaingia mjini, wakala koshari yetu ya wali na dengu, wakaunguzwa pua na jua, wakarudi kwao na picha. Hawajui ni gari gani hawakulipanda, wala ni nani aliyewaona wakitoka na kuwahesabu wakirudi. Hawakumshukuru, kwa kuwa hawakujua kuna la kushukuru. Sisi tunajua. Madam Enayat, kwa niaba yao na kwa niaba yetu, asante kwa yote ambayo hayakutokea.

Sasa anahamia Iskandaria, kwa dada yake, kwenye nyumba yenye roshani inayotazama bahari. Anasema atalala mpaka jua limchome na hatapokea simu ya mtu. Tunamwombea afya, usingizi mzito, wajukuu wenye adabu na majirani wasio na kelele. Treni yake inaondoka Jumatatu asubuhi katika stesheni ya Ramses, nasi tutakuwa pale, zamu nzima, Ami Sabri akiwa amebeba masanduku.

Nenda salama, Madam. Ukifika, tupigie. Hakuna atakayekaa mpaka simu ilie.

Mounir Zaki Habashi
Mapokezi